Milioni Moja na Tisa

Nianze na kidole gumba chake, maana ndicho kinachonijia kwanza kila anapotajwa. Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa na kifutio. Ukikosea alikunyang'anya daftari, akatia kidole gumba mdomoni, akakitoa kinang'aa mate, akasugua kosa lako mpaka karatasi ikachanika. Kisha alikurudishia daftari likiwa bado bichi na kusema kwa upole kabisa, "Andika tena, mwanangu." Ukaandika tena, pembeni mwa mate yake. Nilikuwa nikifika nyumbani nanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, na bado nilihisi harufu ya karanga.

Karanga nazo zilikuwa balaa jingine. Mfuko wa kanzu yake ulijaa karanga mbichi saa zote, zimechanganyika na vumbi la chaki na nyuzinyuzi za mfukoni. Alizimenya kwa meno, akatema maganda sakafuni pale pale alipokuwa akifundisha, na wasichana ndio waliofagia. Akifurahishwa na jibu lako alichota gao moja na kukupa ule mbele yake. Ule, si uweke mfukoni! Nilizimeza nikiwa nimebana pumzi. Na juu ya uchafu wote huo kanzu yenyewe ilikuwa nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, nami sikuwahi kuelewa mtu wa namna hiyo anapangaje mambo kichwani mwake.

Alizaliwa wapi, wazee wake waliingia Buganda na msafara wa nani, hayo waulizeni wengine. Waswahili wa Kampala hatukosi watu wa kusimulia nasaba. Mimi nilimkuta ameshakuwa mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, ana chumba kimoja nyuma ya nyumba yake upande wa Nakawa, karibu kiasi kwamba siku ya soko kelele za wauza nyanya ziliingia dirishani. Asubuhi za wiki alifundisha watoto wadogo juzuu. Jumamosi alitufundisha hesabu sisi wa kidato cha tatu na cha nne, masomo ya ziada ambayo Kampala nzima inayaita kochingi. Tulikuwa kama ishirini. Wengi tulikuwa watoto wa nyumba ambazo Kiswahili ni cha mezani, Kiganda cha barabarani, na Kiingereza cha kupatia cheti.

Sitasema hakujua kazi. Alijua, tena sana, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu mjinga ningemsahau. Huyu alikuwa akisimama ubaoni akachora namba tatu, akanyamaza, akakuacha uzitazame mpaka ukaona mwenyewe kinachotokea, na ukiona ulitaka kuruka. "Hesabu hazina mjomba wizarani," alikuwa akituambia kila Jumamosi. Maana yake ni kwamba huwezi kumpigia mtu simu akakubadilishia jibu. Nilikuwa nikiipenda sana kauli hiyo. Sasa nikiikumbuka nacheka, na si cheko zuri.

Ukutani, juu ya ubao, aliandika kwa rangi ya mafuta ya buluu, herufi za ukubwa wa mkono: 1,000,009 HAIGAWANYIKI. Hiyo ndiyo ilikuwa namba yake. Watu wengine wana shamba, wana mbuzi wa kujisifia. Yeye alikuwa na milioni moja na tisa. Aliamini ni namba tasa, yaani namba ambayo hakuna kinachoigawanya sawasawa isipokuwa moja na yenyewe. Saba ni tasa, kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano si tasa, kwa kuwa ni tatu mara tano. Hizo ndogo kila mtu anazijua. Kuwa na yako kubwa namna ile, uliyoivua mwenyewe, hilo ni jambo la kumfanya mtu atembee kifua mbele, na yeye alitembea hivyo hasa. Mgeni akija kumsalimia, awe shehe, awe mkuu wa shule, awe mtu wa maji aliyekuja kusoma mita, alipelekwa kwanza mbele ya ukuta ule.

Na alivyokuwa akiisifu! Jumlisha tarakimu zake unapata kumi, basi tatu haiingii. Inaishia na tisa, basi mbili na tano zikae kando. Igawanye kwa saba, inabaki tatu. Kwa kumi na moja inabaki kumi, kwa kumi na tatu inabaki kumi vilevile. Ya kumi na saba ndiyo iliyomfanya apige meza, kwa sababu inakaribia kabisa halafu inabaki moja. "Moja!" alipaza sauti, na vipande vya karanga vikaruka. "Mmeona inavyoponyoka?" Kisha alishusha sauti na kutuonyesha umbo lake la ndani: elfu moja mara elfu moja, ongeza tatu mara tatu. Miraba miwili mikamilifu imekaa pamoja. Na akatufundisha kanuni ambayo mpaka leo naiona ni tamu: namba tasa ikiweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, itaandikika kwa njia moja tu. Ukiona njia ya pili, jua hiyo si tasa, kuna kitu kinaigawanya, kitafute.

Kanuni hiyo alitufundisha yeye. Kwa mdomo wake ule ule.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Ili kuthibitisha kwamba namba ile haigawanyiki, huhitaji kuijaribu kwa kila kitu duniani. Unajaribu namba tasa zilizo chini ya elfu moja tu, kwa kuwa elfu mara elfu ndiyo hiyo milioni yenyewe. Namba tasa hizo ni mia moja sitini na nane. Mwalimu alikataa kikokotoo. Alitaka zigawanywe kwa mkono, na wanafunzi, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kila Jumamosi aliandika namba chache, bila kufuata mpangilio, kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake, kofia aliyotoka kuivua kichwani na ndani bado ina joto na jasho, nasi waliopangiwa siku hiyo tukachovya mkono. Namba uliyotoa ilikuwa siri yako. Hukuruhusiwa kumwambia hata rafiki yako, kwa sababu, alisema, mkiambiana mtaambukizana makosa. Ulikaa pembeni, ukagawanya, ukampelekea, naye akakufungulia kaunta buku, daftari kubwa la jalada gumu ambalo hakumwachia mtu, ukaandika jina lako, namba yako, hesabu yako yote, na kile kilichobaki. Ukatia sahihi. Tulipoingia sisi zilikuwa zimebaki kama hamsini, nazo zilimalizika mwaka wetu.

Ilitakiwa kibaki kitu. Hakuna aliyetamka, lakini tulijua. Mvulana mmoja mrefu wa darasa la mbele yetu alipewa mia mbili kumi na moja, akaleta sifuri. Alikosea kweli, jibu lilikuwa sabini na ushee hivi au themanini. Mwalimu alimsimamisha ubaoni akamrudisha hatua kwa hatua, kosa likaonekana, na darasa likacheka kwa kuwa mwalimu alicheka. Tangu siku ile jina lake likawa Sifuri. Ni baba wa watoto watatu sasa, na akipita Nakawa bado wapo wanaomwita Sifuri.

Kabla sijafika ninapokwenda, lazima niseme na mengine, nisije nikaonekana namwonea.

Alikuwa na tabia ya kufuata watoto. Mwanafunzi akikosa Jumamosi mbili, alivaa viatu akaenda kwao, kwa miguu, awe anakaa Ntinda au Kibuli. Mwenzetu mmoja aliachishwa na baba yake, ambaye alikuwa mtu wa kukaa Kabalagala kwenye baa tangu adhuhuri. Mwalimu hakuingia baa katika maisha yake, na mbele ya watu aliitukana Kabalagala nzima kwa jina. Siku hiyo alikwenda akasimama mlangoni, kanzu, kofia na kila kitu, akaanza kusema kwa sauti jedwali la kumi na saba. Kumi na saba, thelathini na nne, hamsini na moja. Muziki unapiga, yeye anaendelea. Watu wakaacha glasi zao wakatazama. Alipofika mia tatu na arobaini yule mzee akainuka ameshika kichwa. "Banange, jamani, Mwalimu, acha! Mtoto atakuja! Jumamosi iko kwako!" Na mtoto alikuja. Hadithi hiyo inasimuliwa misibani na watu hucheka mpaka machozi, nami hucheka pamoja nao.

Na alimwosha baba yangu. Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya upimaji ardhi, na mwalimu alikuja bila kuitwa, akakunja mikono ya kanzu, akaingia kwenye pazia la kuoshea maiti. Nilikuwa ndani naye, namwagia maji. Vidole vile vile nilivyokuwa nikivionea kinyaa vilipita nyuma ya masikio ya baba yangu taratibu, vikamkausha baina ya vidole vya miguu, vikamfunga kidevu. Hakutema mate, hakutafuna kitu, hakusema neno lisilohusika. Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nilikuwa nikisema, we mzee, kumbe unaweza! Kumbe kunawa unajua! Sikumsamehe, nilizidi kumkasirikia.

Jambo kubwa pale kwake lilikuwa barua. Kulikuwa na shule ya bweni nje ya mji iliyokuwa ikichukua mwanafunzi mmoja kila mwaka kwa barua yake, asome kidato cha tano na cha sita bila kulipa. Mmoja tu. Mwaka wetu kila mtu alijua ni ya nani. Zaituni. Baba yake alikuwa dereva wa malori, Mnubi mmoja mpole asiye na la ziada, na alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba bila nafasi ya bure masomo yanaishia hapo, cherehani ipo. Zaituni hakulalamika. Alizidisha namba za tarakimu tatu kichwani huku anafagia maganda ya karanga, na alipomaliza kufagia jibu lilikuwa tayari. Mimi nilikuwa wa pili. Wa pili wa mbali, tena.

Nimeongea sana kuhusu mate ya mtu mwingine. Sasa niseme langu.

Mwezi wa mwisho wa zoezi lile nilichovya mkono kwenye kofia nikatoa mia mbili tisini na tatu. Nikaenda pembeni. Elfu moja kwa mia mbili tisini na tatu, mara tatu, inabaki mia moja ishirini na moja. Shusha sifuri, mara nne, inabaki thelathini na nane. Shusha sifuri, mara moja, inabaki themanini na saba. Shusha tisa, inakuwa mia nane sabini na tisa, na mia nane sabini na tisa ni mia mbili tisini na tatu mara tatu, kamili. Inabaki sifuri. Nilirudia mara nne. Mara zote sifuri. Milioni moja na tisa ni mia mbili tisini na tatu mara elfu tatu mia nne kumi na tatu, na mtu wa kwanza kulijua hilo katika chumba kile nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na sita, jasho linanitoka kwapani.

Ningeweza kunyoosha mkono. Nilitazama rangi ya buluu ukutani, nikamtazama Sifuri anavyopita nje, nikarudi juu kwenye hesabu yangu nikageuza thelathini na nane kuwa thelathini na sita. Nane ukiifungua kidogo inakuwa sita. Baada ya hapo kila kitu kilitelemka chenyewe na kikabaki tisini na tatu. Nikaandika tisini na tatu katika kaunta buku, nikatia sahihi. Mwalimu akanipa karanga, nikala.

Wiki tatu baadaye Zaituni alikuja na karatasi mbili. Nakumbuka uso wake kwa sababu alikuwa na furaha, masikini, alidhani analeta zawadi. "Mwalimu," alisema, "nimeipata njia ya pili. Mia tisa sabini na mbili mara yenyewe, ongeza mia mbili thelathini na tano mara yenyewe."

Alikwenda ubaoni akaandika. Ya kwanza inatoa 944,784. Ya pili inatoa 55,225. Akajumlisha mbele yetu sote, mstari kwa mstari, na chini ya mstari ikatoka 1,000,009. Dirishani tukamsikia mama wa sokoni anampigia kelele mteja wake.

"Nani kakuandikia hii?" mwalimu akauliza.

"Mimi mwenyewe, Mwalimu. Nilikuwa najaribu moja moja, usiku wa mgao wa umeme nilifika mia mbili na thelathini, nikalala, asubuhi..."

"Nimekuuliza nani."

"Mwalimu si ndiye aliyesema njia zikiwa mbili basi kuna kitu kinaigawanya? Sijui ni kipi. Labda kuna mwenzetu amekosea kwenye kitabu. Turudie tu, tutakipata."

"Darasa zima limekosea, ila wewe umepatia?" Akaifungua kaunta buku, akalamba kidole, akafungua kurasa. "Wote wana baki. Wote wametia sahihi. Haya, aliyekosea asimame."

Hakusimama mtu. Zaituni aligeuka akatutazama mmoja mmoja, si kwa lawama, kwa kuomba tu msaada. Alinitazama na mimi. Nilikuwa nachezea kifuniko cha kalamu.

Ndipo mwalimu akachukua zile karatasi mbili. Akatia kidole gumba mdomoni. Aliandika kwa wino yule binti, si kwa penseli, na wino haufutiki. Ulitambaa tu, buluu ikachanganyika na mate, na yeye akaendelea kusugua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, mpaka zikawa uji. Akamrudishia mkononi. "Ukiwa tayari kuniambia umenakili wapi, utarudi," alisema. Zaituni alizishika karatasi zile kwa ncha za vidole, zinadondoka, akatoka. Hakurudi kuungama kitu asichokifanya. Ptuu! Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimeona uchafu wa kila aina katika kazi yangu ya viwanja, lakini kidole kile juu ya wino ule hakijapata mwenzake.

Baada ya mitihani mwalimu aliniita akanipa barua.

Nilikwenda bweni, nikasoma bure, nikawa nilivyo. Zaituni alikwenda kwenye cherehani, akaolewa, akaachika, na leo ana duka la fotokopi Nakawa, mashine mbili na kabati la madaftari. Mimi kila Ijumaa baada ya swala hupeleka pale michoro yangu ya viwanja. Hunikaribisha kwa bashasha. "Bwana mpimaji! Leo nakala ngapi?" Watoto wa shule wakija kununua rula huwatatulia hesabu za nyumbani bure, amesimama, huku mashine inaunguruma.

Siku moja, bila mimi kuuliza, aliniambia, "Unakumbuka ile namba ya Mwalimu? Juzi mwanangu kaiingiza kwenye simu. Ni mia mbili tisini na tatu. Dakika moja tu, ikajibu." Alikuwa anapanga karatasi zangu. "Sijui ilikuwa ya nani. Masikini, alikosea tu kugawanya, wala hajui lililotokea."

"Pengine," nikasema. Nikachukua michoro yangu nikaondoka.

Sasa niseme nilivyomwona mwalimu mara ya mwisho. Mwezi uliopita nilisikia kwamba amepooza upande mmoja. Nilijiambia naenda kumjulia hali, lakini uongo. Nilikuwa nimebeba hasira yangu yote, nataka kumtupia usoni kabla hajafa. Nilitaka ajue kwamba namba yake ilikuwa mbovu, na kwamba alimfukuza binti wa watu kwa namba mbovu. Nilipanga maneno tangu nyumbani, ilikuwa Alhamisi alasiri.

Mkwe wake, mwanamke wa Kiganda mwenye Kiswahili cha sokoni, alinifungulia. "Mzee iko ndani. Leo maneno yake iko sawa, lakini mkono hapana. Ingia tu, ssebo, bwana."

Alikuwa ameegeshwa kwenye mito, amekonda, mdomo umekwenda upande. Mate yalikuwa yakimtoka yenyewe sasa, na mkwe wake aliyafuta kwa kitambaa kila alipopita. Nikasalimia, akaitikia, akaniuliza watoto. Nikamjibu. Kisha nikasema nilichokwenda kusema.

"Mwalimu, ile namba inagawanyika. Mia mbili tisini na tatu. Ilikuwa yangu, nami nilijua. Niligeuza hesabu."

"Nane ukaifanya sita," alisema.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Jioni ile ile, yule binti alipotoka," aliendelea, polepole, kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito. "Nilikaa na kaunta buku nikarudia zote. Mia na kitu. Yako niliifikia alfajiri. Nane imefunguliwa."

"Ulijua, halafu ukanipa mimi barua?"

"Ningempa yeye, ningekuwa nimetangaza kwamba yeye ndiye sahihi. Ukuta ule wameuona mashehe, wameuona wakuu wa shule. Nikatafuta mtu aliyekuwa upande wangu."

"Sikuwa upande wako! Niliogopa!"

"Sawa. Uliogopa upande wangu."

Nilimwambia maneno mazito ambayo mtu hamwambii mgonjwa, wala mtu aliyemwosha baba yake. Kwamba ameharibu maisha ya mtu kwa ajili ya rangi ya ukutani. Kwamba nikimkumbuka nahisi uchafu. Kwamba miaka yote hii namwonea kinyaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jicho moja limefumba nusu.

"Kinyaa ni haki yako," alisema. "Yule binti yuko wapi?"

"Ana duka hapa hapa Nakawa."

"Unamwona?"

"Kila Ijumaa."

"Umeshamwambia?"

Nilisema bado. Akauliza duka lina muda gani, nikasema miaka tisa. Akafumba macho, nikadhani amechoka. Midomo ilikuwa ikitikisika, na nikatambua kuwa anazidisha.

"Mia nne sitini na nane," akasema. "Hizo ni Ijumaa zako. Mimi nilimkosea Jumamosi moja."

Mkwe wake akaleta chai. Nilikaa nikainywa kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa. Nilipoinuka alinipa mkono wa kushoto, ule mzima, nami nikaupokea.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliswali, nikachukua michoro yangu, nikapita Nakawa bila kusimama, nikaenda kupiga fotokopi Kalerwe.